Nyundo, komamanga na sindano ya shaba: namna ya kuwaandikia watoto visasili vya dunia

Mtoto wa miaka saba hakuulizi Iceland iko upande gani wa dunia. Anakuuliza nyundo imeibwa na nani. Ukimjibu vizuri hilo la pili, la kwanza atalitafuta mwenyewe kwenye ramani akishakua kidogo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi, mkutubi au mwandishi anayetaka kuchukua kisasili cha mbali, au mighani ya hapa hapa kwetu, na kukiandika upya kwa Kiswahili kwa wasomaji wa miaka sita hadi kumi na mitatu. Katika kazi hii kuna jambo moja ninaloliamini kuliko yote: kila hadithi iliyodumu ina uti wa mgongo, na mara nyingi uti huo ni kitu cha kushikika kwa mkono. Ukiulinda, unaweza kubadilisha karibu kila kitu kingine. Ukiuvunja kwa kuogopa kwamba mtoto ataogopa, utabaki na maneno mazuri yasiyoweza kusimama. Nitatumia hadithi tatu kama mifano: nyundo ya Thor wa watu wa kale wa kaskazini ya Ulaya, komamanga la Persephone wa Wagiriki wa kale, na sindano iliyomuua Fumo Liyongo wa pwani yetu.

Hatua ya 1: Chagua kwa masikio

Usianze na orodha ya hadithi maarufu. Anza na ile ambayo ulipoisikia ulitamani kumwambia mtu siku ile ile. Mimi naisoma hadithi, nafunga kitabu, nalala. Kesho yake namsimulia yeyote aliye karibu, hata kama ni fundi aliyekuja kurekebisha kitasa. Kilichobaki kichwani baada ya usiku mmoja ndicho hadithi yenyewe. Kilichopotea kilikuwa mapambo ya aliyenitangulia.

Njia hii inakulinda pia upande wa haki miliki. Kisasili ni cha watu wote, lakini sentensi za mtu aliyekisimulia juzi ni zake, na tafsiri ni ya aliyeitafsiri. Andika vitabu vikiwa vimefungwa.

Hatua ya 2: Tafuta masimulizi mawili au zaidi, uone yanapogombana

Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Persephone, binti wa Demeter mlinzi wa nafaka, alikuwa akichuma maua kondeni ardhi ikapasuka. Hades, mfalme wa kuzimu, akatoka na gari lake la farasi, akamchukua. Mama mtu akamtafuta siku tisa, mienge mikononi, bila kuonja chakula wala kuoga. Alipojua binti yake yuko wapi, akasusa kazi. Hakuna mbegu iliyoota duniani. Zeus, mkuu wa miungu wao, akaona watu watakwisha kwa njaa, akamtuma mjumbe wake Hermes kumrudisha binti. Lakini binti alikuwa ameshaonja komamanga la kuzimu, na aliyekula chakula cha kule hana budi kurudi kule kila mwaka.

Alikula punje ngapi? Utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumtukuza Demeter unasema punje moja, na kwa hiyo theluthi moja ya mwaka chini ya ardhi. Ovid, mshairi wa Roma aliyekuja karne kadhaa baadaye, anataja saba katika utungo mmoja na tatu katika mwingine, na mwaka anaugawa nusu kwa nusu. Hapo ndipo unapopata uhuru wako. Wasimuliaji wa kale wenyewe walichagua, nawe unaruhusiwa kuchagua, ila uchague kwa sababu. Mimi nilichukua punje moja, kwa kuwa mtoto anaweza kuishika kati ya vidole viwili na kushangaa kwamba kitu kidogo hivi kinaweza kumgharimu mtu miezi minne. Ukisimulia darasani, nunua komamanga. Pwani utalipata bila taabu. Bara itakubidi uulize sokoni. Lipasue mbele yao wakati Persephone anaponyoosha mkono.

Jihadhari na majira. Miezi ambayo Persephone hayupo ni miezi ya ardhi tupu, na huko Ulaya wasimuliaji wengi huieleza kuwa majira ya baridi. Usiigeuze kuwa kiangazi kimyakimya ili ifanane na kwetu. Andika tu kwamba mashamba yalibaki matupu, hakuna jani wala chipukizi. Mtoto wa Dodoma amewahi kuona shamba tupu. Atajenga daraja lake mwenyewe.

Hatua ya 3: Kitafute kile kitu

Kwa Thor ni nyundo. Kwa Maui wa Wapolinesia ni ndoana iliyotengenezwa kwa taya la bibi yake, aliyoivulia kisiwa kizima kutoka baharini. Kwa Gilgamesh wa Uruk ni mmea wa kurudisha ujana, ulioliwa na nyoka wakati shujaa anaoga. Andika sentensi moja yenye kitu hicho ndani yake, uibandike ukutani mbele ya meza yako. Yangu ya Thor (kisa chake kiko Hatua ya 5) ilisema: *Nyundo imeibwa, na mwenye nyundo hataipata mpaka akubali kuvaa shela.* Kila nilipotaka kuongeza maelezo kuhusu mti wa ulimwengu au mbwa mwitu atakayelimeza jua, niliitazama karatasi ile, nikaacha.

Hatua ya 4: Majina, na neno "mungu"

Masikio ya mtoto hubeba majina manne kwa raha. Katika shairi la Thor nilibakiza Thor, mwenzake Loki, bibi Freyja na jitu Thrym. Heimdall, aliyetoa wazo la shela, kwa watoto wadogo nilimwita "mlinzi wa lango", na ndiyo kazi yake. Usiyageuze majina yawe ya Kiswahili. Mtoto anayeweza kutamka Ng'wanamalundi anaweza kutamka Freyja, mradi mara ya kwanza umwambie linasomwa "Freiya".

Neno "mungu" linataka utulivu. Wazazi wengi wa Kiislamu na wa Kikristo watasita wakiliona, na wana haki. Andika kwa herufi ndogo, na uweke wazi ni imani ya nani: "Thor, ambaye watu wa kale wa kaskazini ya Ulaya walimwita mungu wa radi." Inatosha. Usimwite "jini" wala "malaika" ili kukwepa, maana maneno hayo yana wenyewe na yana maana yake.

Mambo ni tofauti unapogusa dini iliyo hai. Rama na Hanuman wanaabudiwa leo Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, na mtoto wa Kihindu anaweza kuwa anakaa dawati moja na msomaji wako. Hapo usiandike "watu wa kale waliamini". Andika "Wahindu wanasimulia", kisha mpe mtu wa dini hiyo asome rasimu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 5: Iache lugha ifanye kazi yake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu Kiswahili kina zawadi ambazo msimuliaji wa lugha nyingine nyingi hana.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Kimehifadhiwa katika shairi la Kiiselandi, ndani ya muswada wa ngozi wa karne ya 13 ambao Denmark iliurudisha Iceland mwaka 1971. Thor anaamka, anapapasa, nyundo hamna. Loki anaazima vazi la manyoya la Freyja, anaruka mpaka nchi ya majitu, na huko Thrym anakiri: ameificha nyundo chini kabisa ya ardhi, na hairudishi mpaka aletewe Freyja awe mke wake. Freyja anakasirika hadi ukumbi unatikisika na mkufu wake unakatika. Basi Thor mwenyewe anavalishwa nguo za bi harusi, shela usoni, na Loki anafuatana naye kama msichana wake wa kumhudumia, yaani mpambe wake.

Rasimu yangu ya kwanza ya karamu ile ilikuwa hivi:

*Baada ya kuwasili katika ukumbi wa majitu, Thor, ambaye alikuwa amevaa mavazi ya kike, alikula chakula kingi sana, jambo ambalo lilimshangaza Thrym.*

Hakuna kosa la sarufi, lakini hakuna uhai. Nikaiandika upya:

*Bi harusi akaketi. Akaletewa ng'ombe mzima wa kuchoma. Akamla, akabakiza kwato. Wakaletwa samaki wanane. Akala wa kwanza, akala wa pili, akala wa tatu, mpaka wa nane, hata mwiba haukuonekana. Yakaja mapipa matatu ya pombe ya asali. Gudu, gudu, gudu! Yote matupu.*

*Thrym akamvuta mpambe pembeni. "Tangu nizaliwe sijaona bi harusi mwenye kinywa kama hiki!"*

*Mpambe akainamisha kichwa kwa adabu. "Bwana, siku nane hakutia kitu mdomoni, kwa hamu ya kuja kwako."*

*Thrym akafurahi. Akafunua ncha ya shela ampe busu. Mara akaruka kinyumenyume hadi mwisho wa ukumbi. "Mbona macho yake yanawaka moto?"*

*"Bwana, siku nane hakupata usingizi, kwa hamu ya kuja kwako."*

Angalia yaliyofanyika. Kwanza, kiambishi *-ka-* kinasukuma hadithi mbele kama mtu anayepiga makasia. Kiache kisukume, ila usikitie kila mahali, maana nacho huchosha. Pili, jibu la mpambe linarudiwa kwa maneno karibu yale yale. Takriri hiyo imo katika shairi la asili, na imo katika ngano zetu. Ukifika "siku nane" ya pili, watoto watakumalizia wenyewe. Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi: Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika *a-*. "Akala", "akanywa", "hakulala": siri ya Thor haivuji hata mara moja. Katika lugha nyingi msimuliaji analazimika kila sentensi kuchagua kama aliyevaa shela ni wa kike au wa kiume. Kwetu shela linabaki limefungwa.

Zawadi hiyo hiyo inakuwa mtego kwa Persephone. Mama, binti na mfalme wa kuzimu wote ni *a-*, na mtoto anapotea: nani alimwambia nani? Rudia majina bila aibu, au tumia "mama mtu", "binti", "yule mfalme".

Kuchagua neno ni kuchagua picha. Yule anayefuatana na bi harusi nilifikiri kumwita kungwi. Wasomaji wa pwani wangecheka sana. Lakini kungwi anakuja na unyago wote nyuma yake, na hadithi ingehama njia. Mpambe anatosha. Dada ya Thrym, anayekuja kudai zawadi kutoka kwa bi harusi, ni *wifi*, na hilo sikulibadilisha kwa chochote: kila mtoto aliyewahi kuhudhuria harusi anamjua wifi anayenyoosha mkono apewe. Pombe ya asali nayo si ngeni. Wakikuyu wanayo, wanaiita muratina. Kwa wadogo sana andika "kinywaji cha asali".

Tia tanakali mahali pachache panapostahili: giza totoro kule kuzimu, kimya jii baada ya ardhi kujifunga, jiwe chubwi kisimani. Na ukiweza, tunga kiitikio kifupi, kama bibi zetu walivyoweka wimbo katikati ya ngano. Changu kilikuwa mstari mmoja tu: *Nyundo yangu, nyundo yangu, i wapi nyundo yangu?* Thor anauimba alfajiri kwa huzuni, njiani kwa hasira, na mara ya mwisho kimoyomoyo, nyundo ikiwekwa juu ya magoti yake kwa ajili ya kumbariki bi harusi.

Hatua ya 6: Yanayotisha

Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya, alitungiwa utenzi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mfalme wa Pate alimwogopa, akamfunga. Mama yake akampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, kwa kuwa walinzi huula mkate mzuri na kumwachia mfungwa ule wa makapi. Akakata minyororo, akatoroka. Ndipo mfalme akamrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake, na kijana akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, kitu pekee kilichoweza kumuua.

Mara ya kwanza nilipowasimulia watoto, nilikomea kwenye kutoroka. Nikasema akaishi raha mustarehe. Mvulana mmoja nyuma akasimama: "Si kweli. Bibi alisema aliuawa na mwanawe." Watoto wote wakanigeukia. Nilikuwa nimewadanganya, wakajua. Tangu siku ile sijaondoa kifo katika hadithi iliyojengwa juu ya kifo. Ninachobadilisha ni mahali pa kusimama wakati kinapotokea.

Kwa Liyongo naipa sindano sentensi moja fupi: *Sindano ikaingia. Liyongo akaamka, akauchukua upinde wake, akatoka nje.* Hakuna damu, hakuna maelezo ya jeraha. Kisha nakaa kisimani kadiri ninavyotaka, kwa sababu hapo ndipo mighani hii ilipobeba ukubwa wake. Liyongo anapiga goti kando ya kisima, anapachika mshale, anakata roho katika hali hiyo hiyo. Watu wa mji wanakuja na mitungi, wanamwona, wanakimbia. Kesho yake vivyo hivyo. Hakuna anayethubutu kuteka maji mbele ya maiti, kwa maana hawajui kwamba ni maiti. Mama yake anaitwa kumbembeleza. Mpaka mwili unaanguka ndipo wanajua. Na kijana yule, mke aliyeahidiwa hakumpata.

Watoto husikiliza sehemu hii midomo wazi. Wanaogopa, ndiyo, lakini wameogopa wakiwa pamoja, na mama wa Liyongo yupo pale pamoja nao. Hiyo ndiyo kanuni yangu: usimwache mtoto peke yake katika chumba cha kutisha. Sentensi inayofuata iwe na mtu aliye hai.

Kwa Persephone hofu ni ya namna nyingine. Kuna masimulizi ya siku hizi yanayogeuza kutekwa kwake kuwa mapenzi. Sikubaliani nayo kwa wasomaji wa umri huu. Katika utenzi wa kale binti alipiga kelele, na Zeus, baba yake, alikuwa amekwisha kutoa ruhusa. Basi andika hivyo, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka minane anaelewa: *Baba aliridhia. Mama hakuulizwa. Binti hakuulizwa.* Kuna wasichana wanaoisoma hadithi hii ambao jirani yao aliozwa akiwa bado shuleni. Huna haja ya kuongeza maelezo. Mistari hiyo mitatu inawafikia.

Mwisho wa Thor ni wa kumaliza haraka. Shairi linasema alimuua Thrym na ukoo wake wote, na yule wifi akapata pigo la nyundo badala ya pete. Kwa walio chini ya miaka tisa: *Ulipotulia mtikisiko, hapakuwa na jitu hata moja ukumbini.* Kwa wakubwa sema walivyokufa. Usiwapatanishe Thor na Thrym. Nimewahi kusoma rasimu ya aina hiyo. Nyundo inarudishwa kwa kuombana radhi, na watoto wanabaki wanangojea hadithi iishe.

Hatua ya 7: Mlango wa kuingilia

"Paukwa?" "Pakawa!" ni mlango wa msikilizaji, si wa mhusika, kwa hiyo naufungua hata kwa hadithi ya Iceland. Nikishavuka kizingiti sihamishi tena kitu. Thor habebwi Bagamoyo. Gari lake linavutwa na mbuzi wawili kati ya milima ya barafu. Ila lile itikio la "uongo njoo, utamu kolea" naliacha ninaposimulia hadithi ambayo watu fulani wanaiamini leo.

Hatua ya 8: Ipe jirani

Hadithi ya mbali inasomeka vizuri ikiwa karibu na ya nyumbani inayofanana nayo. Liyongo ana ndugu wengi, mashujaa wenye udhaifu mmoja tu: Achilles wa Wagiriki na kisigino chake, Siegfried wa Wajerumani, aliyeoga damu ya joka jani moja likiwa limeganda mgongoni, Isfandiyar wa Waajemi na macho yake, na Lwanda Magere wa Waluo, mwenye mwili kama jiwe, ambaye Wanandi walimweza walipokichoma kivuli chake. Ziweke mbili ubavuni, usieleze kitu. Waulize watoto: wewe ungeficha wapi udhaifu wako? Niliwahi kujibiwa "kwa mama".

Hatua ya 9: Taja wenye hadithi

Mwishoni mwa ukurasa weka mistari miwili: hadithi ni ya nani, ilisimuliwa wapi, wewe umebadilisha nini. Mfano: *Hadithi hii ni ya watu wa kale wa Iceland na Norwei. Nimepunguza majina, na wimbo wa nyundo nimeutunga mimi.* Watoto wakubwa husoma mistari hiyo kwa makini kuliko unavyodhani.

Hatua ya 10: Isome kwa sauti, penseli mkononi

Isome mbele ya watoto watatu au wanne, si wako peke yako, maana wako wanakupenda. Tia alama ndogo pembeni kila mtoto anapojikuna, anapotazama dirishani, anapomvuta mwenzake nguo. Nyumbani kata mistari iliyo karibu na alama hizo, hata kama ndiyo uliyoisumbukia zaidi. Pale waliposema "rudia hapo!", weka nyota, na usiiguse tena sehemu hiyo, hata mhariri akikuomba uinyooshe. Kwangu nyota ya kwanza iliangukia kwenye samaki wa nane. Ya pili ilikuwa kisimani, mahali ambapo hakuna anayesema neno.